Migori na Homa Bay: Daftari la mgonjwa likipanda winguni, ufunguo anao nani?

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mjini Washington mkataba wa afya wa miaka mitano. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake. Wiki moja tu baadaye, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu inayohusu kuwapa Wamarekani data za afya za Wakenya. Wengi wetu huku Pwani tuliuona mzozo huo kuwa ni shughuli ya mawakili wa Nairobi. Lakini anayetaka kujua hasa kinachogombewa ni kitu gani, asiende Nairobi. Aende Ziwa Victoria, kaunti za Migori na Homa Bay.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Migori ilikuwa asilimia 13. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Maana yake ni kwamba katika kaunti hizo mbili kuna watu wengi mno wanaohitaji dawa kila siku, maisha yao yote, na kila mmoja ana kumbukumbu zake: alianza dawa lini, anameza zipi, kipimo cha damu kilisema nini, tarehe ipi arudi.

Kwa faili za karatasi, kazi hiyo haiwezekani. Na ugumu wenyewe sisi watu wa bahari tunaujua. Huku kwetu mvuvi huondoka Pemba au Vanga akaenda dago, akakaa miezi kijiji cha watu. Kule ziwani ni hivyo hivyo. Mvuvi wa omena aliyeanza dawa Mbita humkuta Muhuru Bay, kaunti nyingine kabisa, kwa sababu samaki wamehama. Akifika zahanati ya huko bila karatasi, daktari ataanzia wapi?

Jibu la kwanza lilitoka hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2004 wataalamu wa Eldoret na wenzao wa Marekani walianza kuunda OpenMRS, programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuutumia bila kulipia leseni. Juu ya msingi huo ikajengwa KenyaEMR, iliyoanza kuingia vituoni mwaka 2012, na vituo vya Nyanza vikawa miongoni mwa vya mwanzo.

Mpangilio wake ni huu: kituo kinakuwa na seva yake, kompyuta inayokaa chumbani na kuhifadhi kumbukumbu zote. Umeme ukiwepo, kazi inakwenda, hata kama intaneti imekatika. Baadaye data hupelekwa kwenye ghala la kitaifa. Seva iko kituoni, na msimbo ni wa wote. Basi tatizo likawa wapi?

Tatizo lilikuwa mshahara. Waliokuwa wakiingiza data, wakitengeneza seva na kufundisha wauguzi, wengi wao walilipwa na fedha za Marekani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, barua za kusimamisha kazi zilitoka ndani ya siku chache, na watu hao wakaenda nyumbani. Julai 1, 2025, shirika la USAID lenyewe likafungwa rasmi. Programu huria haikufutika, wala hakuna aliyekuja kuibeba. Lakini programu bila fundi ni kama jahazi bila nahodha: linaelea, ila halifiki popote. Ndipo tukakumbuka maneno ya wazee kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Jibu la pili ni la serikali ya sasa. Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Pamoja nayo ukaja mfumo mmoja wa kompyuta wa nchi nzima, uliojengwa na muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom. Humu usajili wa mwanachama, uthibitisho wa mgonjwa na madai ya hospitali yote hupitia mtandaoni. Hii ndiyo wataalamu huita teknolojia ya wingu: kituo hakina seva, kina skrini tu, kompyuta zenyewe ziko mbali, chini ya mtu mwingine, na wewe unalipia huduma.

Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilieleza mambo ambayo kila mwanachama wa SHA alistahili kuambiwa tangu mwanzo. Gharama ya mfumo ni shilingi bilioni 104.8 kwa miaka kumi. Serikali si mmiliki wa mfumo huo, haiudhibiti, wala haki za ubunifu wake si zake. Fedha za kuulipia, kwa mujibu wa ripoti hiyo, zitatokana na makato, yakiwemo asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Wizara ya Afya ilijitetea kwamba hakuna fedha zilizotolewa mkupuo, bali hulipia huduma kadiri inavyotumika. Utetezi huo una maana kihesabu, ila haujibu suala la umiliki. Mpangaji naye hulipa kadiri anavyokaa, na miaka kumi ikiisha nyumba bado si yake.

Tuweke majibu hayo mawili pamoja. Katika la kwanza, ufunguo ulikuwa wetu lakini mlinzi alilipwa na jirani. Jirani alipochoka, mlango ukabaki wazi. Katika la pili, mlinzi tunamlipa sisi, shilingi kwa shilingi, lakini ufunguo uko mfukoni mwake. Muuguzi wa Rongo au Ndhiwa ameonja yote mawili ndani ya mwaka mmoja.

Sisemi kwamba wingu ni baya. Wanaotaka turudi kwenye seva za chumbani wamesahau vumbi, wizi na moto. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi yakaingia majumbani mwa watu wa Homa Bay. Kompyuta iliyo kwenye zahanati ya ufukweni haina usalama wowote mbele ya maji kama hayo. Kumbukumbu zikiwa na nakala mahali pengine, mgonjwa hapotezi historia yake kwa sababu ya mvua moja. Na yule mvuvi wa omena, mfumo uliounganishwa ndio utakaomtambua Muhuru Bay.

Lakini wingu nalo lina miguu, na mmoja wa miguu hiyo umesimama kwetu. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki hupita chini ya bahari yetu. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Siku kama hiyo, kituo chenye skrini tu kinafanya nini na mama mjamzito aliyeko mlangoni?

Wanaojenga mifumo watasema hilo halina dawa. Dawa ipo, na serikali yenyewe inaitumia. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya wa jamii 100,000, na programu ya simu wanayotumia imeundwa ifanye kazi pasipo mtandao: mhudumu huandika nyumba kwa nyumba, na simu ikipata mawimbi ndipo hutuma. Kwa hiyo kujenga hivyo kunawezekana. Ni suala la mteja kulidai kabla ya kutia saini.

Kuna jingine zito kuliko mtandao kukatika, nalo ni siri. Februari 2015 yalitolewa maagizo ya kukusanya majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nia ilielezwa kuwa njema, kupanga huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Orodha ile ingekuwa ya karatasi. Leo orodha ya namna hiyo, ya wilaya nzima, inaweza kunakiliwa kwa dakika chache, na hakuna mahakama itakayoweza kuirudisha ikishatoka. Katika mji mdogo ambao kila mtu anajua mke wa nani ni nani, siri ya dawa ikivuja huvunja ndoa, huondoa mtu kazini, na humfanya mgonjwa aache kwenda kliniki. Anayeacha dawa hufa. Ndiyo maana kwa mtu wa Homa Bay neno data si neno la kompyuta.

Sasa turudi nyumbani. Afya ni kazi ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na kaunti zetu sita za Pwani zinanunua mifumo kila mwaka: ya hospitali, ya ushuru, ya leseni, ya mishahara. Wawakilishi wetu wa wadi huuliza bei, mara nyingine huuliza jina la kampuni, kisha hupitisha. Kutokana na yaliyowapata wenzetu wa ziwani, kuna maswali manne ambayo mwananchi ana haki ya kumwuliza mwakilishi wake.

Kwanza, mkataba ukiisha au tukigombana na kampuni, tutarudishiwa data zetu zote, kwa muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma, na kwa gharama ya nani? Pili, zahanati ya Kiunga au Kizingitini itafanyaje kazi siku mtandao haupo? Tatu, ni mafundi wangapi walioajiriwa na kaunti yenyewe, si na mfadhili wala na kampuni, wanaoweza kuuendesha mfumo huo? Nne, je, mfumo unaandika kila aliyefungua faili la mgonjwa, ili siri ikivuja ajulikane? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inampa mwenyewe haki ya kuziona, kuzisahihisha na kuzihamisha. Mkataba usioweza kuitimiza sheria hiyo haufai kutiwa saini.

Hili la tatu ndilo ningelitilia mkazo. Vijana wanaohitimu vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wanajua kuunda programu. Wengi wanaishia kufungua vibanda vya kutengeneza simu au kupanda basi kwenda Nairobi. Kaunti ikiajiri watano tu, kwa mshahara wa kudumu, ikawapa kazi ya kulea mfumo mmoja wa programu huria, itakuwa imenunua kitu ambacho hakuna rais wa nchi ya nje anayeweza kukisitisha kwa barua.

Mahakama itaamua yake kuhusu mkataba wa Washington. Lakini uamuzi wowote ule hautamwajiri fundi Migori, wala hautaandika kipengele katika mkataba wa Kwale au Lamu. Hiyo ni kazi ya mabunge ya kaunti, na bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa sasa.