Ngao za Kuchora na Utawala wa Kubuni

Kauli kwamba kila jina la ukoo linaloanza na Mwa- katika nchi ya Wanyakyusa ni jina la kitawala, na kwamba kila ukoo wenye jina hilo ulikuwa na ngao yake tangu enzi za mababu, imetamkwa tena katika mkutano wa ukoo mmoja huko Busale, wilayani Kyela, mbele ya watu waliovaa fulana zenye picha ya simba wawili walioshikilia ngao, wala hakuna aliyeipinga. Kauli hiyo haina msingi, na ukimya wa wazee waliokuwapo unasikitisha zaidi, kwa sababu wao wanajua walivyolelewa na wanajua kwamba baba zao hawakuwahi kuitazama ngao yoyote yenye simba.

Kiambishi Mwa- hutangulia jina la baba au la babu, basi. Hakitaji cheo, wala hakitaji ardhi. Mtawala, ambaye Wanyakyusa humwita malafyale, alikuwa na baba; lifumu (wingi wake mafumu), yaani kiongozi wa kijiji asiye wa damu ya kitawala, alikuwa na baba; na mtu aliyelima migomba na kuchunga ng'ombe wachache kando ya mto Mbaka alikuwa na baba pia, na wote watatu waliitwa kwa namna moja. Anayedai kwamba Mwa- ni ushahidi wa utawala anadai kwamba kuwa na baba ni ushahidi wa utawala. Ng'ambo ya mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, majina ya namna hiyo yamejaa vilevile, kwa kuwa mpaka huo uliwekwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1890 bila kuuliza nani ni jamaa ya nani. Je, huko nako kila nyumba ilikuwa ikulu?

Hata hesabu peke yake inatosha kuivunja imani hii. Akirudi nyuma vizazi kumi, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina la ukoo hufuata nafasi moja tu kati ya hizo. Nyingine 1,023 zimeachwa nje ya fulana.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta jamii ambayo ndani yake ukoo haukuwa msingi wa kuishi pamoja. Vijana wa kiume walitoka katika nyumba za baba zao wangali wadogo, wakajenga vibanda vyao na wenzao wa umri mmoja, wakakua, wakaoa na kuzeeka pamoja katika kijiji cha rika, yaani kijiji kinachounganishwa na umri badala ya damu. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza mpangilio huo kwa kirefu. Watawala wenyewe walikuwa zaidi ya 100, wengine wakiwa na wanaume mia chache tu chini yao, kwa kuwa katika kila kizazi sherehe ya ubusoka, ambayo ilikuwa ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya, iliigawa nchi ya baba kati ya wanawe wawili wakubwa. Katika sherehe hiyo mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, na miti ikapandwa. Moto na mti ndizo alama zilizokuwapo, na zote mbili zilikuwa za nchi nzima na vijiji vyake, si mali ya jina la mtu. Ni ajabu, na ni aibu, kwamba watu wenye urithi mzuri kiasi hicho wanaazima simba wa Ulaya.

Huko Ulaya kwenyewe simba hao hawakuwa wa majina. Elimu ya nembo, yaani kanuni za kuchora na kurithi alama za ngao, ilianza karne ya 12 miongoni mwa wapiganaji wapanda farasi waliofunikwa chuma usoni, wasioweza kutambulikana vitani bila alama. Nchini Uingereza chombo cha kusimamia alama hizo kilipewa hati na mfalme Richard III mwaka 1484, na hadi leo kanuni yake ni kwamba nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake halali, haipewi jina. Wales inafundisha zaidi, kwa sababu Wawelishi nao walitumia kiambishi cha namna ya Mwa-. Mwana wa Hywel aliitwa ap Hywel, mwana wa Rhys aliitwa ap Rhys, na mwana wa Owain aliitwa ab Owain, mpaka sheria za mwaka 1536 na 1542 zilipoiunganisha Wales na Uingereza, mahakama na makarani wa Kiingereza wakataka jina lisilobadilika, na taratibu yakatokea Powell, Price na Bowen. Wenye jina la Jones, yaani wa John, ni wengi mno nchini humo, na hawana babu mmoja, kwa kuwa akina John walikuwa kila kijiji. Hata hivyo wafanyabiashara huuza hadi leo picha ya nembo ya Jones kwa yeyote anayelipa, na waandishi wa nasaba wa Wales wa zamani waliwachorea ngao hata wakuu waliokufa kabla nembo hazijabuniwa popote duniani.

Karani wa Kiingereza ana ndugu yake Kyela. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakafungua kituo cha Ipyana, nayo serikali ya Kijerumani ikaleta kodi ya nyumba. Kila mmoja alikuwa na daftari, na kila daftari lilitaka jina la pili. Jina la baba wa aliyesimama mbele ya karani siku hiyo likagandishwa, likawa jina la wajukuu na vitukuu, wa kike kwa wa kiume, kana kwamba lilitoka mbinguni.

Watetezi wa ngao hujibu kwamba picha hiyo ilipatikana kwenye intaneti ikiwa na jina la ukoo chini yake. Jibu hilo halistahili kuitwa hoja. Programu inayochora simba juu ya jina lolote itamchora pia juu ya jina la mbwa, na mtu mzima anayesimama mbele ya wajukuu zake na kuiita picha hiyo urithi amewadanganya watoto. Ni udanganyifu uleule wa masoko ya Dar es Salaam, ambako mchele wowote mweupe huandikwa wa Kyela na mkulima wa Kyela hapati hata senti ya sifa hiyo. Na fulana hizo hazipatikani bure: familia zinazochanga kwa shida ada za watoto huchangishwa pia kwa ajili ya simba, na msibani hali ni mbaya zaidi, maana siku hizi baadhi ya marehemu hawazikwi kabla sare hazijashonwa.

Madhara hayaishii kwenye fedha. Wachumba wawili wenye jina moja wanaweza kuambiwa kuwa ni ndugu, ilhali mababu zao walikuwa watu wawili tofauti walioitwa jina moja, mmoja katika eneo la Selya na mwingine ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mafumu nao, ambao Monica Wilson anawaeleza kuwa nguzo ya kila nchi na ambao malafyale hakuthubutu kuwapuuza, wanafutwa katika historia na vitukuu wao wenyewe, kwa sababu tu hawakuwa watawala. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kisheria mwaka 1963, na haieleweki kwa nini sasa urudishwe kwa kupachikwa kila mtu.

Ukoo unaotaka kujua asili yake una mahali pa kuanzia. Uyafuate madaftari ya ubatizo, uandike majina ya bibi walioolewa kutoka Ukinga, Undali na Karonga, uulize kila mzee aliye hai alijenga kibanda chake cha kwanza katika kijiji cha rika lipi na pamoja na nani, na ufanye hivyo mwaka huu, kwa sababu walioishi katika vijiji hivyo wamebaki wachache sana.