WANATUGAWIA PIKIPIKI, KUVUKA NJIA PANDA TUJIFUNZE KWA DAMU YETU!

KIJANA mmoja wa mtaani kwetu alikabidhiwa pikipiki na tajiri wake siku ya Jumatatu. Mafunzo yake yote yalikuwa ya jioni moja, kwenye uwanja wa shule ya msingi: hii klachi, hii breki, hapa gia, vuta mafuta taratibu. Alipoweza kuyazunguka magoli mawili bila kuzima injini, wenzake wakampigia makofi, wakasema ameiva.

Alhamisi yake, kwenye mataa ya Buguruni, taa ya kijani ilipowaka alichomoka kama mshale. Gari dogo lililokuwa likitoka upande wa pili likakata kulia mbele yake. Mguu wake haukurudi ulivyokuwa hadi leo. Tajiri alikwenda hospitali kesho yake, na swali lake la kwanza lilikuwa pikipiki iko wapi.

Na wakubwa walisema nini? Walisema wimbo wao uleule: "Vijana wa bodaboda hawana nidhamu." Basi, kesi imefungwa, twendeni kwenye semina tukanywe chai!

Sisi tunasema hapana. Kesi haijafungwa. Tunataka ifunguliwe, na washtakiwa wawe wote: wakubwa, matajiri wa pikipiki, na sisi wenyewe tunaojifanya kujua.

KOFIA YA KITAMBAA

Ndugu yangu kijana, hivi umewahi kujiuliza kwa nini unapendwa sana kila baada ya miaka 5? Msimu wa kampeni ukifika, bodaboda ni mwanangu, ni jembe, ni mjasiriamali. Unajaziwa mafuta ya msafara, unavalishwa fulana, unapewa kofia. Kofia ya nini? Ya kitambaa! Kofia ngumu ya kulinda ubongo wako hakuna anayeikumbuka. Mgombea mwingine anatoa pikipiki kabisa, mpya, ina riboni, wapiga picha wanapiga picha. Anakupa ufunguo mkononi, lakini hakuulizi kama unajua kupita kwenye njia panda bila kufa. Yeye anahesabu kura, na kura haina mguu wa kuvunjika.

Mwaka 2010 zilitoka kanuni za kuzipa pikipiki leseni ya kubeba abiria. Vizuri, tukapata kazi. Mwaka 2021 Serikali ikapunguza faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000. Tukashangilia. Lakini tafakari, ndugu msomaji: walichopunguza ni bei ya kosa. Kosa lenyewe halikupungua hata kidogo! Mtu akizama baharini humpunguzii nauli ya boti, unamfundisha kuogelea.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, nayo inamtaka kila dereva awe na leseni. Hatuipingi. Tunachouliza ni hiki: mtoto wa mlalahoi aliyekopa hata hela ya petroli, ada ya shule ya udereva ataitoa wapi? Kila njia panda kubwa ya Dar es Salaam ina askari wa kukamata. Iko wapi njia panda moja, moja tu, yenye mtu wa kufundisha?

WENZETU WALISHACHUNGUZA

Huko Marekani, mwaka 1981, mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti yake baada ya kuchunguza ajali za pikipiki zaidi ya 900 katika eneo la Los Angeles. Alikuta kwamba mahali panapoongoza kwa pikipiki kugongana na gari ni njia panda. Katika ajali za pikipiki na chombo kingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo hicho aliinyima pikipiki haki yake ya kupita. Wengi walisema hawakuiona kabisa, au waliiona wakiwa wamechelewa.

Lakini usishangilie mapema, kwa maana ripoti ileile inatugusa na sisi. Asilimia 92 ya waendesha pikipiki wale hawakuwa na mafunzo yoyote rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Na zaidi ya nusu walikuwa na pikipiki waliyopata nayo ajali kwa muda usiozidi miezi 5. Hao ni nani kama si sisi, tunaofundishwa jioni moja na kuingia kijiweni asubuhi?

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Umri wako huo, kijana. Ungekuwa ni ugonjwa, wangeshafunga mipaka.

SOMO WALILOTUNYIMA

Kwa kuwa wenye wajibu wa kufundisha wamelala, gazeti hili litafundisha. Kata ukurasa huu, ubandike kijiweni.

Kwanza, mwendo. Sheria inasema mjini ni kilomita 50 kwa saa, lakini unapoikaribia njia panda hata hiyo ni nyingi. Piga hesabu. Kwenye kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Mtu mwepesi anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kushika breki, kwa hiyo mita 17 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi! Kwenye kilomita 40 ni mita 11. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali ambao breki inahitaji kukusimamisha unazidi mara nne. Punguza kabla ya kufika, vidole vikiwa tayari juu ya breki, gia iwe ya chini.

Pili, breki yenyewe. Kijiweni wanakudanganya kwamba breki ya mbele inapindua, usiiguse. Uongo mtupu! Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Zishike zote mbili kwa pamoja, ya mbele uibane kwa kuongeza taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka. Kinachopindua ni kuibana ghafla wakati umelala kwenye kona, au juu ya mchanga, au juu ya dizeli iliyomwagika. Na vitu hivyo vimejaa kwenye njia panda zetu. Mvua ikinyesha, hata rangi ya zebra inateleza.

Tatu, gari linalokata kulia kutoka mbele yako. Hilo ndilo lililomvunja kijana wetu. Usilitazame uso wa dereva ukadhani mmeelewana. Tazama tairi lake la mbele, maana tairi likianza kugeuka, gari linakuja. Na usipite njia panda ukiwa umejibana ubavuni mwa daladala, kwa sababu linakuficha. Anayetoka barabara ya pembeni anaona daladala peke yake, na likipita tu anaingia, anakukuta wewe. Washa taa hata mchana.

Nne, mataa. Kijani si amri ya kuruka. Ikiwaka, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, ndipo uende. Sekunde mbili hizo ndizo za yule mwendawazimu anayewahi nyekundu. Ukiwa unasubiri, usijipachike chini ya pua ya lori, kwani dereva aliyekaa juu hakuoni. Wala usijichomeke kushoto kwa semitrela inayotaka kukata kushoto, maana matairi yake ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi ya yale ya mbele. Usipoviona vioo vyake, jua naye hakuoni.

Tano, kukata kulia. Washa indiketa mapema, tazama kioo, kisha geuza shingo uangalie nyuma. Sogea karibu na katikati ya barabara, usikate kutoka kushoto kabisa kama kuku aliyefukuzwa. Ukisubiri magari ya mbele yapite, acha tairi lako la mbele limenyooka. Ukigongwa kwa nyuma huku umelikunja, utasukumwa moja kwa moja kwenye magari yanayokuja. Ukimaliza, zima indiketa, maana kwenye pikipiki zetu nyingi haijizimi yenyewe, na indiketa iliyosahauliwa ni uongo unaomwambia mwenzio aingie. Na kama barabara imejaa na bado hujazoea, pita moja kwa moja ukageukie mbele, au shuka usukume. Hakuna aibu. Aibu ni mama yako kukulisha kwa kijiko ukiwa na miaka 22.

Sita, kipilefti. Aliye ndani na anayetoka kulia kwako ndiye mwenye njia. Mpishe. Ukiingia shika mstari wako, usitembee sambamba na gari refu, na onyesha indiketa ya kushoto kabla ya kutoka.

Saba, njia ya mwendokasi. Tangu mabasi yale yaanze Barabara ya Morogoro mwaka 2016, njia panda zake zina barabara ndani ya barabara. Mgeni anatazama magari ya kawaida, anaona pamekuwa peupe, anakatiza. Basi linatokea katikati. Pale Magomeni tazama mara mbili, pande zote mbili. Na ile njia ya katikati si ya kwako hata kama iko tupu.

Nane, kichwa na mzigo. Kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa karibu asilimia 40, na wa kuumia vibaya kichwa kwa karibu asilimia 70. Lakini iwe kichwani na mkanda umefungwa, siyo kwenye tangi la mafuta ikimsubiri trafiki! Na mwezi wako wa kwanza usibebe mtu. Ukianza kubeba, abiria ni mmoja. Mishikaki ni ya jikoni.

TUSEME UKWELI KIJIWENI

Ndugu zangu, chombo hiki ni cha wanyonge, lakini mnyonge naye huambiwa ukweli. Ni nani anayemwambia mgeni kwamba kusubiri taa nyekundu ni ushamba? Ni sisi. Ni nani anayecheka mwenzake akishuka kusukuma? Ni sisi. Ni nani anayemkabidhi mdogo wake pikipiki akiwa na siku tatu za kujifunza? Ni sisi hao hao. Wakubwa wametunyima somo, ni kweli. Lakini lile dogo tulilonalo nalo tunalifanyia mzaha.

Kijiwe chenye wazee wake kinaweza kuanza kesho. Mgeni asiruhusiwe kubeba abiria mpaka mzoefu azunguke naye kwenye njia panda za eneo lile Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu. Haigharimu hata senti ya Hazina.

TUNACHODAI

Hatuombi maghorofa. TAZARA imejengwa barabara ya juu, ikafunguliwa mwaka 2018. Ubungo nayo ikafunguliwa mwaka 2021. Hatuna kinyongo. Lakini pale TAZARA, chini ya zege lile, mataa yapo na pikipiki zimejazana pale pale! Malaysia walijenga njia ya peke yake ya pikipiki kando ya barabara kuu ya Federal Highway tangu miaka ya 1970. Walikuwa na akili gani ambayo sisi hatuna?

Tunadai mambo matatu. Moja, mafunzo ya pikipiki katika kila kata, kwa bei ambayo mlalahoi anaiweza, na yawe barabarani, siyo ya karatasi. Mbili, sehemu ya fedha za faini tunazolipa sisi zirudi kutufundisha sisi. Tatu, tajiri anayempa pikipiki mtu asiye na leseni awajibike naye, siyo anakuja hospitali kuuliza chuma chake.

Na wewe kijana, safari ijayo atakapokuja mheshimiwa na pikipiki yenye riboni, usimpigie honi. Mtazame usoni, umuulize: "Mheshimiwa, na mwalimu wake umekuja naye?"

Akikosa jibu, umeshajua unakwenda kufanya nini kwenye sanduku la kura. Lakini ili ufike kwenye sanduku hilo, leo jioni kwenye mataa, kijani ikiwaka, tazama kulia, kushoto, kulia tena. Maiti haipigi kura.