Mchungaji Akishinda Mwishoni, Filamu Haijawa ya Kikristo

Kuna imani iliyoota mizizi kwetu Kivu Kusini, nchini Kongo, toka Nyantende hadi Kadutu: kwamba filamu ni za aina mbili tu, za Mungu na za dunia. Ya Mungu hutambulika upesi. Ina mchungaji mwenye Biblia mkononi, ina mlozi anayeanguka chini akipiga kelele, na inamalizika kwa haleluya. Hiyo watoto huachiwa waitazame hata usiku. Ya dunia ina busu, pombe au bunduki. Ikikutwa kwenye simu ya kijana, simu inachukuliwa. Mgawanyo huo ni rahisi, na umetupotosha. Baadhi ya filamu zenye madhara makubwa kwetu ndizo hasa tunazozibariki.

Angalia zinavyotungwa. Mwanaanthropolojia wa Ubelgiji, Katrien Pype, alifanya utafiti miongoni mwa waigizaji wa michezo ya televisheni ya kiinjili mjini Kinshasa, na mwaka 2012 akatoa kitabu juu yao. Mtiririko wa hadithi hizo sote tunaujua. Familia inapatwa na balaa: ugonjwa, utasa, kazi kupotea. Mtu wa karibu anafichuliwa kuwa ndiye mlozi. Mchungaji anaitwa, pepo anatoka, amani inarudi. Nchini Nigeria, mhubiri Helen Ukpabio alitoa End of the Wicked mwaka 1999, na humo watoto wanaonekana wakila nyama za watu usiku. Watetezi wa haki za watoto waliishutumu kwamba inachochea mateso ya watoto wanaosingiziwa uchawi.

Ubaya wa filamu hizi uko kwenye kamera. Kamera inatuonyesha bibi kizee akiruka usiku, na kwa kuwa tumemwona kwa macho yetu, hatuna sababu ya kushuku. Inatoa ushahidi ambao hakuna hakimu aliyewahi kuupata. Mshtakiwa hana shahidi wala nafasi ya kujibu. Mtunzi amekwisha kumhukumu kabla hatujaketi. Na mshtakiwa ni nani? Mara nyingi ni mama wa kambo, mjane au mtoto yatima, na hao wawili wa mwisho ndio ambao manabii wa Biblia hawakuchoka kuwatetea.

Mambo haya hayaishii kwenye skrini. Mwaka 2021, hapa Kivu Kusini, wanawake kadhaa walichomwa moto au kuuawa na umati baada ya kusingiziwa ulozi. Wengine walikuwa wametajwa na waombezi wanaoitwa bajakazi, wanaodai kuwatambua walozi kwa maono. Sisemi kwamba filamu fulani iliwaua. Nasema umati ule haukuhitaji kufundishwa hadithi. Ulikuwa umeizoea: balaa, mtuhumiwa, maono, adhabu. Sheria ya nchi imetutangulia sisi waumini. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa kosa hilo. Kwenye chumba cha sala, kosa hilohilo linaonyeshwa kama ushuhuda.

Sasa chukua filamu ambayo haina pepo hata mmoja. L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, ilitoka mwaka 2015. Inamfuata Daktari Denis Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa, pale Panzi, hospitali ambayo watu wa Nyantende hawahitaji kuelekezwa njia yake. Ndani yake kuna ubakaji, majeraha na vilio. Kwa kipimo cha kuhesabu dhambi, ingefutwa kwenye simu. Serikali iliizuia mwaka huohuo ikidai inachafua jina la jeshi, kisha ikaiachia. Humo wanawake waliotupwa wanasikilizwa wakisema wenyewe yaliyowapata. Kama kumsikiliza aliyejeruhiwa kando ya njia si jambo la Injili, basi Msamaria mwema tumuondoe kwenye mahubiri.

Tena kipimo hicho cha kuhesabu dhambi kingeifungia hata Biblia. Soma sura ya 19 ya Waamuzi, mwanamke anavyotolewa nje kwa umati wa Gibea usiku kucha. Soma habari ya Daudi na mke wa Uria. Maandiko hayafichi uovu. Yanakataa kumficha anayeutenda, hata akiwa mfalme. Vatikani yenyewe, sinema ilipotimiza miaka 100 mwaka 1995, ilitaja filamu 45 za kuheshimiwa. Miongoni mwake imo ile ya Injili ya Mathayo iliyotengenezwa na Pasolini, mwanamaksi asiyekuwa na imani, na imo hata Nosferatu, hadithi ya mnyonya damu.

Mzazi atanijibu kwamba mtoto huiga anachokiona. Ni kweli, na umri wa mtazamaji lazima uheshimiwe. Lakini kama mtoto huiga, basi ataiga pia kumnyooshea nyanya yake kidole. Wengine watasema waumini wetu hawawezi kuchambua, heri wachaguliwe filamu. Hayo ndiyo waliyoyasema wakoloni, walipotenga filamu za Wazungu na filamu za Wakongo kana kwamba Mkongo mtu mzima ni mtoto. Hatukupata uhuru mwaka 1960 ili tuyarudie wenyewe kanisani.

Basi ninyi viongozi wa shirika, wa vijana na wa kwaya, acheni kuuliza kama filamu ina mchungaji. Ikimalizika, ulizeni: nani ameshtakiwa, na je, alipewa nafasi ya kusema? Uovu umethibitishwa kwa nini, kwa ukweli au kwa ndoto? Tukitoka hapa, mjane jirani yetu atakuwa salama zaidi au la? Filamu inayomfanya bibi kizee aogope majirani zake haistahili kuitwa ya Kikristo, hata ikianza kwa sala na kumalizika kwa amina.