Damu kushuka wakati wa kemo: majibu kwa yanayosemwa Mdandu

Mgonjwa wa saratani kutoka Mdandu, wilayani Wanging'ombe mkoani Njombe, anapewa dripu ya kemo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kisha anapanda basi. Zaidi ya kilomita 600 baadaye anashuka Makambako akitembea mwenyewe, na majirani wanasema kapona. Kumbe siku za hatari bado. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda polepole hadi wiki ya tatu au ya nne. Hospitali humruhusu akiwa na nguvu, udhaifu ukamkuta nyumbani, katikati ya ndugu wenye ushauri mwingi. Ushauri huo ndio ninaoujibu, kwa sababu baadhi yake unaua.

“Damu yake imepungua, mpeni rozela.” Kama si rozela ni bitiruti, kama si bitiruti ni juisi ya tembele. Wanaosema hivi wanafikiri damu ni kitu kimoja chekundu, na kwamba chekundu huongeza chekundu. Damu ina chembe nyekundu za kubeba hewa, chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, na chembe sahani za kuzuia damu isivuje. Zote hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kemo huupunguza kasi uboho huo. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, sahani siku 8 hadi 10, nyeupe zilizo mstari wa mbele hazimalizi siku nyingi. Ndiyo maana nyeupe hushuka mapema, na weupe wa viganja ambao mama mkwe anaukagua huja mwishoni. Mboga za majani zina madini na vitamini, na mwenye upungufu wa hivyo zitamfaa. Lakini kumjaza madini ya chuma mtu ambaye uboho wake umelemazwa na dawa ni kupeleka tofali kwenye ujenzi ambao mafundi wamelala. Ale maharage, mayai yaliyoiva vizuri, parachichi, maziwa yaliyochemshwa. Ale ili apate nguvu, asiambiwe kwamba ndiyo tiba ya namba zilizoshuka.

“Ulanzi unaongeza damu.” Hili la kwetu kabisa, na husemwa zaidi na anayekunywa. Ulanzi hugemwa kwenye mwanzi, hudondokea mbeta siku nzima pamoja na wadudu na vumbi, na haupikwi. Aliye na chembe nyeupe chache hapaswi kunywa kitu cha namna hiyo, hata kile kitamu cha asubuhi ambacho hakijakolea. Ukishakolea, pombe yenyewe huudhoofisha uboho. Sioni cha kujadili hapo.

“Homa hiyo ni baridi tu, ameze Panadol alale.” Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana hili ndilo kosa linaloondoka na watu. Juni na Julai baridi ya Njombe inauma kweli, na kila anayetetemeka huhesabiwa kwamba ni hali ya hewa. Kwa mtu mwenye chembe nyeupe za kutosha, maambukizi hujitangaza: jipu linatunga usaha, koo linavimba, kifua kinajaa. Usaha huo umejaa chembe nyeupe zilizokufa vitani. Zisipokuwepo, hakuna usaha, hakuna uvimbe, hata picha ya kifua inaweza kutoka safi, huku bakteria wakizaliana kwenye damu. Homa inabaki dalili pekee. Ukiizima kwa Panadol umenyamazisha shahidi aliyebaki, na mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku na bodaboda ni ya kuazima. Hospitali ya Ilembula iko wilayani Wanging'ombe humo humo, na Njombe mjini kuna hospitali ya mkoa. Neno la kwanza mapokezini liwe “niko kwenye kemo”, na karatasi ya Ocean Road iwe mkononi. Anatakiwa aanzishiwe antibayotiki ya kwenye mshipa ndani ya saa moja, asipangwe foleni ya wenye mafua. Apimwe malaria, sawa, ila asisubirishwe kwa ajili yake. Mkoa huu ni miongoni mwa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kwenye FBP, yaani kipimo cha chembe zote za damu, chembe nyeupe aina ya nutrofili huanzia 1,500 kwa mtu mzima mwenye afya. Chini ya 500 ni hatari kubwa.

Wenye kuchanja chale, na wenye kuuza aspirini na diklofenaki kwa kila maumivu, nawajibu pamoja: sahani zikiwa chache, chale haikauki, na dawa hizo huzidhoofisha zile chache zilizosalia.

“Ameongezewa chupa mbili, sasa yuko salama.” Ameongezewa chembe nyekundu. Kuchoka na kuhema kutapungua, kinga haijaongezeka hata kidogo. Chembe nyeupe kwa kawaida hazitolewi kwa chupa. Palipo na uwezo, kuna sindano ya filgrastimu inayouamsha uboho uzitengeneze. Sahani nazo zikihifadhiwa hukaa siku 5 tu, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote, hivyo usitegemee kuzikuta kwenye friji ya hospitali ndogo. Ndugu wanaotaka kusaidia wachangie damu: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila 4.

“Dawa yenyewe ni sumu, aache.” Nusu ya dai hili ni kweli. Mwaka 1919 Edward na Helen Krumbhaar waliandika kwamba askari waliopigwa gesi ya haradali katika Vita Kuu ya Kwanza chembe zao nyeupe zilitoweka. Kutokana na ukoo wa gesi hiyo zilipatikana dawa za kwanza za kemo, zilizojaribiwa Yale miaka ya 1940, na baadaye saiklofosfamaidi. Ni dawa hiyo hiyo ambayo miaka ya 1960 iliyeyusha uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika Mashariki, ule ambao Denis Burkitt aliuelezea Kampala mwaka 1958. Sumu ndiyo, yenye vipimo.

Damu ikishuka sana, daktari husogeza dozi mbele au huipunguza. Hapo familia hukasirika: nauli imeliwa, mgonjwa amefika Dar, amepimwa, ameambiwa arudi wiki ijayo, na wapo wasiorudi tena. Hasira naielewa. Kabla ya kuondoka Ocean Road, mgonjwa amuulize daktari kama atakubali FBP ifanyike Njombe siku moja au mbili kabla ya safari, majibu yakatumwa kwa simu. Namba zikiwa chini, anasubiri Mdandu, kitandani kwake, na nauli inabaki mfukoni.