RAM ya kuazima, na simu ya mama iliyoganda

Haya jamani, nimerudi. Najua niliahidi kuandika kila wiki, na najua mwezi mzima umepita bila hata mstari mmoja. Zamu nne za usiku mfululizo, halafu siku mbili za kulala kama gogo, ndiyo maisha ya hapa Uingereza, msinilaumu sana. Leo sitaongelea baridi wala bei ya mihogo kwenye maduka ya huku. Leo naongelea simu ya mama, na naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi wenu mnajua mama ana presha. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi akishakunywa chai atulie kidogo, ajipime, apige picha kioo cha kile kipimo nilichomtumia, anirushie kwa WhatsApp. Mimi nikitoka zamu naangalia kwenye basi. Utaratibu huu ulienda vizuri karibu mwaka mzima na simu yake ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Kilipopasuka zaidi nikatuma hela, mpwa wangu akaenda dukani akarudi na simu mpya. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa "12GB RAM". Nikafurahi. Nikasema sasa mama ana simu inayoizidi hata yangu.

Wiki ya tatu asubuhi moja picha haikuja. Nikapiga, simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikajisemea labda yuko kwa jirani. Nikalala, nikaamka saa nane mchana, bado kimya. Ilipofika jioni ya huko mpwa akapita nyumbani akamkuta amelala, kichwa kinamuuma. Alipojipima ilikuwa 190 juu na 110 chini. Kumbe asubuhi alijipima, akafungua kamera, simu ikaganda. Akabonyeza, akabonyeza, ikawa nyeusi. Mimi napiga, anaona jina langu linatokea, anagusa kupokea, kidole hakifanyi kitu. Akachoka, akaizima, akalala. Dawa zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake na alikuwa anataka kuniambia.

Yuko salama, alhamdulillah, alipelekwa kituo cha afya usiku ule ule na dawa akapata. Lakini mimi ni muuguzi. Nakaa na wagonjwa wa watu usiku kucha nawapima kila baada ya saa nne, na mama yangu mwenyewe alikaa siku nzima na 190 kwa sababu ya simu. Nikaamua kuichunguza hiyo simu kama ninavyomchunguza mgonjwa.

Jambo la kwanza: pembeni ya hiyo "12GB" kulikuwa na kinyota kidogo. Ukifuata kinyota mpaka chini ya boksi, kwa maandishi ambayo hata mimi nilimwambia mpwa ayakuze kwa kamera, imeandikwa 4 kujumlisha 8. Yaani RAM ya kweli ni GB 4. Zile 8 zimekatwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na video. Ni RAM ya kuazima.

Sasa nieleze kidogo, na shangazi usikimbie, nitaongea kwa lugha ya wodini.

RAM ni kama toroli ninalosukuma kwenda kando ya kitanda. Glovu, pamba, bandeji, kila kitu mkono unafika. Hifadhi ya simu ni stoo iliyo mwisho wa korido. Ndani ya kila Android kuna Linux, ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na Linux ndiyo muuguzi anayeamua nini kikae kwenye toroli. Toroli likijaa ana njia kadhaa. Anaweza kutupa vitu ambavyo nakala yake iko stoo tayari, akivihitaji atavichukua tena. Anaweza kuchukua vitu vya mgonjwa ambavyo havijaguswa muda mrefu akavipeleka stoo vikatunzwe. Hiyo ya pili ndiyo inaitwa swapu. Njia ya tatu ni kukunja na kubana mashuka ili yaingie mengi kwenye toroli lile lile, na hiyo inaitwa zram. Iliingia rasmi kwenye Linux toleo la 3.14 mwaka 2014, ila Android 4.4 ya mwaka 2013 ilishaanza kuitegemea ili iweze kuishi kwenye visimu vya MB 512. Na akishindwa kabisa anafunga programu, yaani anamruhusu mgonjwa aende nyumbani, akirudi aandikishwe upya.

Hakuna dhambi katika swapu. Shida ni mwendo. RAM ya simu ya kawaida inapitisha zaidi ya GB 10 kwa sekunde. Hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ndiyo imejaa kwenye simu za bei ya chini, kikomo chake kwenye karatasi ni MB 400 kwa sekunde, na hiyo ni kwa kusoma mfululizo. Kwenye kuokota kitu kimoja kimoja hapa na pale, ambako ndiko swapu inakoishi, RAM inajibu mara elfu moja haraka zaidi. Kwa hiyo mtu anaposema "nimekuongezea RAM GB 8", ni sawa na meneja wa wodi aniambie ameniongezea toroli, kumbe amenipa ufunguo wa stoo. Asante, lakini stoo nilikuwa nayo.

Mambo haya siyaokoti leo. Nilipofika huku mwaka 2013 sikuwa na hela ya simu mpya, nikanunua Nokia N900 iliyotumika. Wale wa zamani mnaikumbuka? Nene kama mche wa sabuni, kibodi inateleza kutoka chini, ndani ina Maemo ambayo ni Linux karibu kama ya kompyuta. Ilitoka mwaka 2009 na Nokia waliitangaza kuwa na kumbukumbu mpaka GB 1, lakini walitaja wazi hesabu yake: MB 256 za RAM na MB 768 za kwenye hifadhi. Mnaona? Hesabu ni ile ile ya boksi la mama, tofauti ni kwamba wale hawakuificha chini ya kinyota.

Hiyo N900 ndiyo iliyonifundisha. Ilikuwa inapotea kabisa ukifungua kurasa tatu za mtandao, halafu simu ikiita inachelewa kuonyesha nani anapiga. Usiku kwenye mapumziko nilikuwa naifungua ile programu ya kuandika amri, napata ruhusa ya mkubwa wa mfumo, naandika:

echo 30 > /proc/sys/vm/swappiness

Namba hiyo inamwambia Linux apende kiasi gani kupeleka vitu stoo badala ya kutupa vile vyenye nakala. Kawaida ya Linux ni 60. Zamani ilikuwa inaishia 100, tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 inafika 200. Ukishusha, muuguzi anasita kwenda stoo. Kuna watu wanaeleza kwamba 60 maana yake swapu inaanza RAM ikibaki asilimia 60. Si kweli, haina uhusiano na asilimia za RAM, ni mizani kati ya yale mambo mawili. Na kushusha si dawa ya kila simu: kama swapu yako yote ni zram, yaani kubana mashuka hapo hapo kwenye toroli, basi namba kubwa ndiyo nzuri, hata zaidi ya 100, kwa sababu kubana ni rahisi kuliko kukimbilia stoo kusoma upya. Dawa moja, wagonjwa wawili, dozi mbili.

Kwangu 30 ilisaidia, simu ikawa inaniwahi. Ukiizima na kuiwasha namba inarudi ya zamani, unaandika tena. Nilijaribu pia kuhamishia swapu kwenye kadi ya memori ili hifadhi ya ndani ipumue. Ilienda vizuri miezi michache kisha kadi ikafa na picha zangu za kwanza za theluji. Hifadhi za aina hii zina idadi ya kuandikwa na kufutwa, na swapu kazi yake ni kuandika na kufuta tu mchana na usiku.

Turudi kwa mama. Kwenye Android ya kawaida huwezi kugusa hiyo namba bila kuvunja ulinzi wa simu, na sikushauri umfanyie hivyo mzazi ambaye hela zake ziko kwenye simu hiyo hiyo. Ulichoachiwa ni swichi moja tu, ile ya RAM ya kuazima. Samsung wanaiita RAM Plus, Tecno MemFusion, wengine wana majina yao, na mara nyingi iko kwenye setingi karibu na memori au taarifa za simu.

Mpwa alinipigia kwa video kwa simu yake akanionyesha. Hifadhi yote ni GB 64, swapu imekalia 8, mfumo umechukua sehemu yake, na zilizobaki zimejaa video za "asubuhi njema" na mawaidha kutoka magrupu manane. Nafasi iliyobaki haifiki GB 2. Hebu fikirini: stoo imejaa mpaka mlangoni, na muuguzi ameambiwa akimbilie huko huko kila dakika. Nikamwambia zima RAM ya kuazima, futa video, zima simu, washa. Kamera ikafunguka.

Hapo ningeweza kujisifu, ila nilikuwa nimempa mgonjwa dawa mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo sikujua ipi imeponya. Nikamwomba mpwa airudishe ile RAM ya kuazima kwa wiki moja, hifadhi ikiwa nyeupe, huku simu ya zamani iko kando na chaji kamili. Matokeo: haikuganda kama siku ile, lakini kila WhatsApp ilipokuwa inashusha video, kidole kilikuwa kinasubiri. Ilipozimwa, kidole hakisubiri, ila mama akitoka kwenye YouTube kwenda kujibu ujumbe, akirudi video inaanza mwanzo. Nikamuuliza anapenda ipi. Akasema, "Mwanangu, mawaidha kuanza mwanzo kuna ubaya gani?" Tukaizima.

Kwa hiyo sisemi ni kitu kibaya kila mahali. Kaka yangu ana simu yenye hifadhi ya kisasa ya UFS, anaruka kati ya programu kumi za kazi na haoni shida, kwake programu kutofungwa ovyo ni faida. Sawa. Ninachokataa ni kuandika 12 kwenye boksi. Muuza duka naye hajui, anasoma boksi kama wewe, na mpwa wangu aliacha simu nyingine ya bei ile ile yenye GB 6 za kweli kwa sababu 12 ni kubwa kuliko 6. Hilo ndilo linaloniudhi. Hela ni ile ya kubeba boksi huku (ndiyo, hata wauguzi tunabeba boksi, ila letu lina mtu ndani yake), na mtu anaichukua kwa kujumlisha stoo na toroli. Wangeandika 4 kwa herufi kubwa, na 8 ikae kwenye kinyota, sina ugomvi nao.

Na nyie wenye zile programu za "kusafisha RAM", shemeji nakutazama wewe. Unafunga kila kitu halafu dakika tano baadaye unafungua vyote tena, simu inaenda stoo upya kwa kila kimoja. RAM ikikaa tupu haikusaidii kitu, acha Linux aijaze. Kama WhatsApp haikuletei ujumbe mpaka uifungue, kwanza angalia setingi za kubana betri, mara nyingi ndizo zinazoifunga.

Anayetaka nimchagulie simu safari hii anitumie picha ya boksi pande zote, pamoja na kinyota na maandishi ya chini. Nataka kuona RAM ya kweli, na kama hifadhi ni eMMC au UFS. Usinitumie upande wa mbele peke yake.

Asubuhi hii mama ametuma 138 kwa 84, picha imekuja saa mbili na dakika kumi ya huko, na nyuma ya kipimo naona sahani ya vitumbua ambayo hatukukubaliana. Nitampigia. Sasa naenda kulala, saa moja jioni naingia tena zamu.