Pawatila na visiki vya Mazingara

Jamani wadau, hili linanikera. Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila zikasambazwa mawilayani kana kwamba nchi nzima ni jaruba la mpunga. Kule Mombo, Korogwe, kwenye skimu ya umwagiliaji, sina ugomvi: tope laini, mashine inateleza. Lakini Mazingara? Miombo, visiki, mizizi, udongo mkavu! Pawatila ni nyepesi, ina magurudumu mawili. Ikigonga kisiki inaruka, na kichapo anakipata aliyeishika. Shamba la msituni ling'olewe visiki kwanza, kisha litafutwe trekta dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye bamba la chuma chini ya injini. Waheshimiwa mnaoagiza mashine mkiwa Dar, mkulima wa Handeni mlimuuliza lini?