Mama, omba kaye kabla ya kutia saini



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi cha akiba alitusimamisha njiani tukitoka kazini. Akatuuliza: "Walimu, ile komite ya masomo inafanyaka kazi gani? Sisi tunawaona tu wakiketi kwenye viti vya mbele siku ya proklamasio." Tulicheka pamoja naye. Tulipofika nyumbani kicheko kilikwisha, kwa sababu mama yule ana watoto watatu katika shule yetu, amebeba mchanga wa shule kichwani, na hakuna aliyewahi kumweleza. Basi leo tuongee juu ya watu wa viti vya mbele.

Komite ni mbili, si moja. COPA ni komite ya wazazi: wajumbe wake huchaguliwa na wazazi wenzao katika mkutano mkuu. COGES ni baraza la kusimamia shule: linaongozwa na direkta, ndani yake kuna wajumbe wa walimu, na mwenyekiti wa COPA ana kiti chake humo. Pesa za kuendesha shule zinaamuliwa katika COGES. Juu ya hao wote kuna kanisa, kwa sababu shule nyingi za hapa Uvira ziko chini ya makanisa kwa mkataba ambao Serikali ilitia nao saini mwaka 1977: Serikali hulipa walimu, kanisa husimamia.

Shule yetu ni ndogo. Vyumba sita, biro ya direkta, vyoo vinne na uwanja wenye mwembe mmoja. Ilianzishwa na wazazi wa mtaa katika miaka ya 1990, wakati walimu wa Serikali walikaa miezi na miezi bila mshahara, na wazazi wakalazimika kuwabeba. Kuta za kwanza zilikuwa miti na udongo. Baadaye kanisa likaipokea, ikapata namba yake, na baadhi ya walimu wakaingia kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Wengine bado hawajaingia. Hao ndio wanaoitwa NU, maana yake walimu wapya, ingawa kati yetu kuna "mpya" mwenye miaka saba ya chaki.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imeandika tayari katika kifungu cha 43. Wamama walishangilia, nasi tulishangilia. Watoto walikuja wengi. Darasa letu la kwanza lina watoto 87 na mwalimu mmoja. Lakini kuna jambo ambalo hatukuliona mapema. Zamani mama aliyelipa minervali alikuwa na sauti. Alikuja na karatasi yake ya malipo mkononi, akasimama mbele ya biro, akauliza. Leo hana karatasi, na wengi wanafikiri kwamba asiyelipa hana haki ya kuuliza. Si kweli. Pesa zinazotoka Serikalini kuendesha shule ni za mtoto wako, na shule ikipungukiwa, ni ninyi mnaoitwa kwenye salongo.

Mwenyekiti wetu wa COPA ni mzee fundi seremala. Watoto wake walikwisha kumaliza, sasa ana wajukuu kwetu. Madawati ya darasa la sita yalitoka mkononi mwake na hakudai hata franka moja ya kazi, alidai mbao na misumari tu. Direkta ni mtu wa rapoti na wa saa. Mwakilishi wa kanisa huja mara chache. Na kuna mama mmoja muuza ndagala, aliyechaguliwa miaka miwili iliyopita kwa sababu, tuseme wazi, ilisemekana kwamba lazima mwanamke awemo. Alipewa kiti karibu na mlango. Kwa mikutano mitano ya kwanza kazi yake ilikuwa kuleta chai na kutia saini.

Halafu upepo wa ziwa ukaja. Usiku mmoja wa mvua uliezua mabati ya darasa la tatu na la nne. Asubuhi tulikuta mengine yamejikunja kwenye mihogo ya jirani, hayafai hata kwa banda la kuku. Wazazi walikutana, wakaamua wenyewe kusaidia, kila mtu kwa uwezo wake. Vikundi vya wamama vilibeba mchanga kutoka mto Kalimabenge siku tatu mfululizo, wakati baba wengi walitoa ushauri. COGES ikaweka pesa iliyokuwa katika hazina. Mabati yakanunuliwa, fundi akapanda, watoto wakarudi ndani. Tulipiga makofi.

Mwisho wa mwezi kukawa mkutano wa kufunga hesabu. Kaye ya hazina ikazungushwa mezani, kila mjumbe akatia saini. Ilipofika kwa mama wa ndagala, alishika biki, akaiweka chini. Akasema: "Nisomeeni kwa Kiswahili."

Mmoja akamwambia kwamba kila kitu kimeandikwa vizuri kwa Kifaransa, na muda umekwenda. Akajibu, bila kupandisha sauti: "Mimi Kifaransa sikijui. Lakini saini yangu ninaijua. Nisomeeni."

Tukamsomea. Misumari, mbao, usafiri, fundi. Mabati 40. Hapo akatusimamisha. "Arobaini? Mimi nimeyahesabu juu ya nyumba. Nilikuwa chini na ndoo ya mchanga, fundi akipigilia. Ni thelathini na manne."

Wamama, ukimya ule bado tunausikia. Mtu anayepima ndagala kwa kikombe tangu alfajiri hakosei hesabu. Nasi walimu tuliokuwa ndani tulikuwa tumekwisha kutia saini. Tulifundisha kutoa na kujumlisha asubuhi ileile, chini ya mabati yaleyale, na hakuna kati yetu aliyeinua kichwa kuyahesabu.

Je, hatukujua? Tuseme ukweli: tulikuwa na wasiwasi. Tuliona mabati yakishushwa, tukaona mengine yakipakiwa tena. Lakini mwalimu anaandikiwa pointi na mkubwa wake kila mwaka, na mwalimu NU anasubiri jina lake lipelekwe mbele na mkubwa huyohuyo. Ukiwa na watoto wanne nyumbani na huna mshahara, unajifunza kutazama upande mwingine. Hatusemi hili ili mtuhurumie. Tunasema ili mjue kwa nini mzazi ndani ya komite ni wa lazima: yeye haandikiwi pointi na mtu yeyote mezani pale.

Mabati manne yalipatikana kwa mjumbe mmoja ambaye hatutamtaja. Alieleza kwamba aliyachukua ili kuyalinda yasiibwe. Yalirudishwa usiku, tukayakuta asubuhi chini ya mwembe. Mawili hayajaonekana mpaka leo. Mzee mwenyekiti alitaka mambo yaishie hapo, kwa ajili ya amani ya shule, na hapo hatukukubaliana naye, ingawa tunamheshimu. Mtu aliyefanya watoto wa darasa la nne wanyeshewe kwenye kona moja kwa sababu bati hazikutosha, angepaswa kusimama mbele ya wazazi na kueleza. Hakusimama. Bado ana kiti chake hadi uchaguzi.

Kitu kimoja kilibadilika. Sasa hesabu zinasomwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na vitu vilivyonunuliwa vinahesabiwa mbele ya wajumbe wawili kabla ya kuingia stoo. Direkta mwenyewe ndiye aliyeliweka katika rapoti, na tunampongeza. Haikuwa rahisi kwake. Hata sanduku la chaki linahesabiwa. Baadhi ya wenzetu wanasema ni kupoteza muda. Kwa upande wetu, ni mara ya kwanza tumeona chaki ikifika mwezi wa tano.

Lakini mama wa ndagala amesema hatagombea tena. Tulikwenda kwake jioni kumsihi. Alikuwa akitandaza mizigo yake, akatupa kigoda, akatuambia sababu bila hasira. Mikutano inawekwa asubuhi ya siku ya kazi, saa tatu. Saa tatu ndiyo saa ya wateja wake. Ndagala zikipita saa hiyo, bei inashuka. Kila mkutano unamla faida ya siku. Baba wenye mshahara wanaketi pale na mwezi wao unaendelea kuhesabika, yeye anarudi nyumbani na kapu halijapungua. Halafu kuna maneno ya mtaani, kwamba ni mwanamke wa fujo, kwamba anataka kumwondoa direkta. Mume wake aliulizwa kilabuni kama ameshindwa kumtuliza. "Mume wangu alicheka tu," akatuambia, "lakini siku nyingine hatacheka."

Hatukuwa na jibu la maneno ya mtaani. La saa tulikuwa nalo. Tulimwandikia mwenyekiti barua ya mistari sita, tukasaini walimu watano, wawili kati yetu NU. Tuliomba mikutano yote ya COPA ihamie Jumapili alasiri, baada ya ibada na baada ya chakula. Mzee alisoma, akatuuliza kwa nini hatukuandika hivyo tangu zamani, akakubali.

Kwa hiyo, ninyi wa vikundi vya akiba, mnaojua kufungua sanduku lenye kufuli tatu mbele ya watu wote na kuhesabu hadi franka ya mwisho: kazi ya komite ni hiyohiyo, sanduku tu ni lingine. Ukitaka kugombea, huhitaji diploma. Uwe mzazi, mtoto wako aandikwe kwetu, uje siku ya mkutano mkuu useme jina lako. Kama hujui kusoma, njoo na anayejua. Binti wa mama wa ndagala yuko darasa la sita, na ni yeye aliyemsomea mama yake namba za fakture kabla ya mkutano ule. Hilo tulilijua baadaye sana.

Kama shule ya watoto wako ni nyingine, mwulize direkta wako tarehe. Ni haki yako kuijua.

Kwetu, mkutano mkuu ni Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, saa nane, katika darasa la sita. Mama wa ndagala ameahidi kuja, kuketi tu, si kugombea, tutaona. Mwenye kigoda aje nacho, maana madawati hayatatosha.